Duka la dawa la kona, Songea: nyota nne, na moja nimeibakiza

Kufikia saa sita mchana Jumatatu ile, mjukuu wangu alikuwa amechafua nepi sita, na ya sita ilikuwa maji matupu. Ana miezi 13, meno manne na ubishi wa mtu mzima, lakini mchana ule alikuwa ametulia begani kwangu kwa utulivu nisioupenda. Nikafungua kabati la dawa. Panadol ya tangu mwaka juzi, plasta, na chupa ya dawa ya kikohozi ambayo sijui ililetwa na nani. ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa mtoto anayeharisha, hakuna. Mimi niliyefanya kazi ya unesi miaka 31, mingi yake wodi ya watoto, niliyewagombeza akina mama wasio na idadi kwa kosa hilohilo, sikuwa na pakiti hata moja ndani ya nyumba. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani naandika kwa kiburi.

Mkamwana wangu alikuwa kazini. Nikambeba mtoto mgongoni, nikajitanda kanga ya pili maana baridi ya Songea mwezi wa saba haina mzaha, nikashuka hadi duka la dawa la kona. Nimepita mbele ya duka lile tangu lifunguliwe na sikuwahi kuingia. Nina ugomvi wa zamani na maduka ya dawa, nitaueleza baadaye.

Ni chumba kimoja tu. Kaunta ya kioo, rafu zilizofutwa vumbi, pazia dirishani ili jua lisizipige dawa, benchi la watu watatu, ndoo ya maji ya kunywa yenye bomba na kikombe chake. Cheti cha mtoa dawa na kibali cha duka vimetundikwa mahali ambapo hata mfupi kama mimi anaweza kuvisoma. Nyuma ya kaunta alikuwepo binti wa miaka ishirini na kitu, koti jeupe limepigwa pasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtoto anaharisha. Nipe dawa ya kufunga tumbo."

Ulikuwa mtego. Sikumwambia kazi yangu ya zamani. Nilikuwa na malapa miguuni na kanga kichwani, nikazungumza kama bibi yeyote aliyetoka shamba, nikangoja aniuzie ujinga.

Hakuniuzia. Aliuliza kwanza umri. Kisha: ameanza lini, mara ngapi kwa siku, kuna damu? Bado ananyonya? Akipewa maji anayapokea au anayakataa? Anatapika kila anachomeza? Ameshikwa na degedege? Ana homa, anakohoa? Nilikuwa nayahesabu kimoyomoyo kama msimamizi wa mtihani, na hakuruka hata moja.

"Mgeuze kidogo mama, nimwone." Akazunguka kaunta.

Kwa hilo la kuzunguka kaunta peke yake nilimpa nyota ya kwanza. Wauza dawa wengi hutibu maneno ya mama. Mtoto mwenyewe hawamtazami. Binti yule alibana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachia, ikarudi papo hapo. Akatazama macho kama yamedidimia. Akatazama kama kilio kina machozi. Machozi yalikuwepo, tena mengi, maana bwana mdogo alishaiona kalikuleta juu ya kaunta na alikuwa anaidai.

"Hajaishiwa maji, mama. Tumuwahi asiishiwe."

Maswali yale nayafahamu kwa sababu niliyakariri darasani mwaka 2001. Ni ya utaratibu tunaouita IMCI, ambao Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliuandaa miaka ya 1990: mtoto mgonjwa anaangaliwa mzima mzima, kuhara, kikohozi, homa, masikio, lishe na chanjo, kwa hatua zilezile kila mara, badala ya kila mtu kutibu kile alichozoea. Tulinung'unika wakati ule. Makaratasi mengi, foleni ndefu. Halafu matokeo ya wilaya zilizotangulia yakatoka: Morogoro Vijijini na Rufiji, zilizoanza mapema, vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 vikilinganishwa na Kilombero na Ulanga ambazo zilikuwa hazijaanza. Manung'uniko yakapungua. Hata hivyo sikutegemea kuyasikia maswali yale dukani, kutoka kwa mtu ambaye mshahara wake unategemea kuniuzia kitu.

Nikamjaribu tena. "Basi niongezee na Flagyl."

"Hapana mama. Kuhara kwa maji, hakuna damu, Flagyl haitamsaidia. Utakuwa umetupa hela yako."

Nyota ya pili. Ni mara chache katika maisha yangu muuzaji kunizuia nisitoe hela.

Hapo mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi akaingilia. Kwa nia njema kabisa, nataka ieleweke hivyo. Akasema huyo mtoto ana meno ya plastiki, yale yanayosingiziwa kuharisha watoto, na kuna mzee anayajua, anayatoa kwa elfu chache tu. Nilihisi damu inanipanda. Niliwahi kupokea watoto waliotobolewa fizi kwa spoku ya baiskeli, fizi zimeoza, homa kali, na kuhara kulikowapeleka kwa huyo mzee kuko palepale. Nilikuwa nafungua mdomo nimkaripie mtu mzima mwenzangu hadharani, lakini binti aliniwahi: "Shangazi, hayo ni meno ya kawaida, yanangoja zamu yake ndani ya fizi. Yakichokolewa, mtoto anapata kidonda na tumbo linaendelea." Akasema bila kuinua sauti, akaendelea kufungasha dawa. Yule mama akanyamaza. Sijui kama aliamini, lakini hakuaibishwa, na aliyeaibishwa ndiye huyo hurudi kwa mzee kwa siri.

Sasa bidhaa zenyewe, maana najua wengine mmekuja kwa hilo.

Nilinunua pakiti 2 za ORS kwa shilingi 500 kila moja, na karatasi ya vidonge 10 vya zinki kwa 2,000. Jumla 3,000. Kilo ya nyama kwa bucha wetu ni zaidi ya mara tatu ya hapo.

Pakiti ya ORS ina gramu 20.5 za unga. Glukosi 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, sitrati ya sodiamu 2.9, kloridi ya potasiamu 1.5. Ukiitazama ni chumvi na sukari, na ndiyo maana watu wanaidharau. Wanataka dawa yenye rangi. Lakini utumbo unaohara bado una mlango mmoja ulio wazi, ule ambao glukosi na chumvi huingia kwa pamoja, zimeshikana mikono, na maji yakazifuata nyuma. Chumvi peke yake haipiti vizuri, na maji matupu yanateremka tu. Hiyo ndiyo siri nzima. Mwaka 1971, wakati wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipokuwa wanakufa kwa kipindupindu katika kambi ya Bangaon nchini India, dripu zilikwisha, na daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya unga huo kwenye mapipa na kuwaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka hadi chini ya 4. Mwalimu wetu wa uuguzi alitusimulia habari hiyo huku akitikisa jagi la plastiki mbele ya darasa, na mimi nilikuwa naona ananogesha tu.

Sisi wazee tulianza na ORS ya zamani iliyokuwa na chumvi zaidi. Hii ya sasa, iliyopunguzwa makali miaka ya mwanzo ya 2000, watoto wanaitapika kidogo kuliko ile. Ladha ni kama machozi yenye sukari. Mjukuu wangu alikunja uso kwa kijiko cha kwanza na cha pili, cha tatu akakivuta mwenyewe.

Kasoro ya bidhaa hii iko kwenye maji. Pakiti inataka lita moja kamili, na maandishi ya nyuma yameandikwa kwa herufi za sisimizi. Nani ana chombo cha lita jikoni? Jagi letu halina alama. Mkamwana wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, aliporudi jioni alitaka kuimimina pakiti nusu kwenye kikombe cha chai kwa makadirio. Ikiwa nzito mno, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Ikiwa nyepesi mno, haifanyi kazi. Nilikuwa tayari kuikata bidhaa alama kwa hilo, lakini binti wa dukani alishaniokoa. Alichukua chupa tupu ya maji ya nusu lita iliyokuwa kwenye kaunta, akaninyooshea: "Mbili za hizi mama, zijae. Maji yaliyochemshwa yakapoa. Pakiti yote kwa mara moja. Kesho muda kama huu, iliyobaki mwaga, tengeneza nyingine." Akanipa na hiyo chupa.

Jirani zetu Zambia walilitatua jambo hili kwa akili zaidi. Kuna kifurushi kinaitwa Kit Yamoyo: ndani yake mna pakiti ndogondogo za ORS za mililita 200, zinki na sabuni, na kopo lake lenyewe ndilo kipimo cha maji. Unalijaza mpaka alama, unamimina pakiti ndogo moja, unatikisa, mtoto anakunywa yote. Lita nzima kwa mtoto wa miezi 13 ni kama kumpikia sufuria la msiba. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza ORS na zinki zilizofungwa pamoja katika orodha yake ya dawa muhimu za watoto. Kwenye duka letu la kona bado unanunua kila kimoja peke yake, na mwenye haraka anaondoka na ORS tu.

Kwa wasiojua kunywesha: kijiko kimoja kimoja, kwa subira. Kila akiharisha, robo hadi nusu kikombe kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Akitapika ngoja dakika 10, anza tena polepole. Kunyonya kusisimame. Uji usisimame, na kwa sisi watu wa Ruvuma togwa laini nayo inafaa. Ile desturi ya kumlaza mtoto na njaa ili "tumbo lipumzike" ndiyo inayomwachia kuhara mtoto aliyekonda, na mtoto aliyekonda ndiye nimonia inayempata baadaye.

Zinki ni kidonge kidogo kinachoyeyuka kwenye kijiko cha maji. Miligramu 20 kila siku, nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi 6, siku 10 hadi 14. Ladha yake ni ya kulamba sarafu. Jumatano usiku kuhara kulikoma, na Alhamisi asubuhi mkamwana akauliza, si amepona, tunaendelea ya nini? Hilo ndilo swali la nyumba zote. Kidonge hiki kinafupisha kuhara kwa leo, lakini faida yake ya pili inakuja miezi miwili mitatu ijayo, pale kuhara kunaposita kurudi. Mwambie mzazi anayehesabu senti kwamba mtoto aliyekwisha kupona anywe dawa ya ugonjwa wa mwezi wa tisa!

Huo ugomvi wangu wa zamani sasa.

Wakati naanza kazi, maduka haya yaliitwa dawa baridi, na watu wa rika langu bado wanayaita hivyo. Yaliruhusiwa kuuza vitu vya maumivu ya kichwa na kikohozi, basi. Kwa mlango wa nyuma yaliuza kila kitu. Tulikuwa tunapokea mtoto wodini saa nane za usiku, mweupe kama karatasi, na mama anafungua pindo la kanga anatoa vidonge viwili vya klorokwini vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari, nusu dozi, kwa kuwa hela ilitosha nusu. Nilikuwa nawachukia wauzaji wale kwa moyo wangu wote. Mwaka 2003 mkoa huu wa Ruvuma ndio uliokuwa wa kwanza nchini kujaribu Duka la Dawa Muhimu, chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Wauzaji wakaingizwa darasani kwa wiki kadhaa, maduka yakakaguliwa, orodha ya dawa wanazoruhusiwa ikapanuliwa ili wasiuze kwa kujificha. Nilicheka. Nikasema mbwa mwitu kavishwa koti jeupe. Mpango ukaenea mikoa mingine, mimi nikaendelea kucheka, na nimestaafu nikiwa bado nacheka, hadi Jumatatu ile.

Lakini msidhani nimelainika kabisa, maana wiki iliyofuata nilipata cha kunikumbusha. Jirani yangu alinijia na mwanawe wa miezi 8. Alikuwa ametoka duka jingine la dawa, ambalo sitalitaja hata kwa mtaa. Kikohozi siku tatu. Alichouziwa: chupa ya dawa ya kikohozi yenye picha ya mtoto anayecheka, na vidonge 4 vya rangi mbili, akaambiwa avifungue, agawe unga mara mbili, awe anamlambisha. Hakuna aliyeuliza umri. Hakuna aliyemfunua mtoto kifua.

Nilimwambia mama akae, amnyonyeshe kidogo, mtoto atulie. Kisha nikainua shati na kuvaa miwani. Hili kila mzazi anaweza kulifanya na halina gharama: mtoto akiwa ametulia, tazama tumbo na kifua vinavyopanda na kushuka, hesabu kwa dakika moja nzima kwa saa. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, watoto hupumua kwa mbio na vituo. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka. Miezi 2 hadi mwaka, 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Mtoto yule alikuwa na 58, na chini ya mbavu kifua kilikuwa kinaingia ndani kila alipovuta pumzi. Kikohozi cha hivyo hakina dawa kwenye chupa yenye picha ya kucheka. Nilimpakia mama kwenye bajaji, tukaenda naye kituo cha afya. Wakamwekea kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, ilikuwa nzuri, wakamwanzishia amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka, siku 5, arudi siku ya tatu waone. Kidonge hicho hakihitaji friji wala kuchanganywa chupani, na mama hakosei kukihesabu. Mtoto amepona. Alirudi siku ya tatu akiwa anang'ata kamba ya kitambulisho cha nesi.

Kadi yake ya kliniki nilipoiangalia ilikuwa na chanjo mbili za nimonia kati ya tatu. Ya wiki ya 14 ilirukwa, mama alikuwa msibani kwao na baadaye akaona aibu kwenda akiwa amechelewa. Nilimwambia hakuna nesi mwenye akili atakayemfukuza. (Wapo wasio na akili. Nimefanya kazi nao.) Chanjo hiyo na ile ya rota ya matone zilianza kutolewa nchini mwaka 2013. Kabla ya hapo, mwezi wa saba na wa nane, wodi yetu ilikuwa watoto wawili kitanda kimoja, miguu kwa kichwa, dripu zimening'inia kwenye misumari. Miaka miwili baadaye, mwezi huohuo, nilimkuta mhudumu amelala mchana kwenye kitanda cha mgonjwa kwa kuwa hakikuwa na mtu. Nilimgombeza, kisha nikaenda stoo nikalia kidogo. Takwimu za taifa zinasema jambo hilohilo kwa lugha kavu: utafiti wa 2004–05 ulikuta vifo 112 vya watoto chini ya miaka 5 kwa kila vizazi hai 1,000, ule wa 2022 ukakuta 43. Mimi ninapoona 43 namwona bado kila mmoja wao kitandani, kwa hiyo sishangilii sana.

Nilirudi duka la kona mara ya tatu kwa sababu ya homa ya mtoto wa fundi anayetujengea choo. Aliomba mseto, dawa ya malaria. Binti akamuuliza majibu ya kipimo yako wapi. Hakuna. Duka hilo halipimi malaria, kwa hiyo alimpa parasetamo, akamwelekeza zahanati, akamwambia aje na karatasi. Fundi alikasirika: zamani tulikuwa tunapewa! Kweli, zamani kila homa ilikuwa malaria, hata homa ya nimonia, na mtoto alikufa akiwa amemaliza dozi. Tangu mseto uingie mwishoni mwa 2006, na baadaye kile kipimo cha tone la damu kidoleni, kutibu kwa kubahatisha hakuna kisingizio. Majibu ya mtoto wa fundi yalikuwa hayana malaria. Lilikuwa sikio.

Sasa kwa nini sijatoa nyota ya tano.

Duka linafungwa saa mbili usiku, na magonjwa ya watoto yana tabia ya kuchachamaa saa tano. Najua binti naye ana kwake. Mwenye duka aajiri wa pili.

Alimpeleka mtoto wa fundi zahanati kwa mdomo tu. Hakuna karatasi inayosema nimemwona saa fulani, nimempa hiki, namtuma kwa sababu hii. Baba kafika kule akapangwa nyuma ya foleni, akaanza kueleza upya. Karatasi ya robo ukurasa ingetosha, na mtoto mwenye dalili za hatari, asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea asiamke vizuri, hana muda wa foleni.

Na zinki iliwahi kuisha. Ijumaa moja niliona mama akiondoka na ORS peke yake, akaambiwa aje Jumanne. Dawa za kuongeza nguvu za wanaume zilikuwa zimejaa rafu mbili siku hiyohiyo. Nilimwonyesha binti kwa kidole, akacheka, akasema mama, anayeagiza mzigo ni bosi. Basi bosi, kama unasoma hapa: zinki.

Mtu ataniuliza, kwa nini nisiende tu zahanati, matibabu ya mtoto chini ya miaka 5 si ni bure? Ndiyo, kisera ni bure. Lakini Jumatatu ile nilikuwa na mtoto mgongoni na duka liko hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu, na ORS inayoanza saa sita ni tofauti na inayoanza saa kumi. Kwa kuhara kusiko na damu wala dalili za hatari, ningeenda palepale tena.

Nimeenda tena, kwa kweli. Jana, kununua pakiti 4 za kuweka kabatini, nisirudie aibu. Siku hizi anajua kuwa mimi ni nesi. Jirani yangu alimwambia. Alinihudumia kwa heshima zote, akanirudishia chenji, halafu akaniuliza:

"Mama, zile zinki, mtoto alimaliza zote kumi?"

Nilitazama ndoo ya maji. Nilitazama cheti ukutani. Kuna Jumamosi moja tulikwenda harusini Mbinga.

"Tisa," nikamwambia.

"Mama!" akasema, kwa sauti ileile niliyoitumia mimi miaka 31.